Shati la Rusana Mabega-ya-Fahali

Nyamazeni, enyi kizazi cha watu waliotupa vyungu vyao baharini, msikie mlikotoka, ingawa najua mwapenda sifa kuliko ukweli. Katika zama za mababu, uwanda huu wa Ajentina ulipokuwa haujakanyagwa na Mbulgaria yeyote, alikuwako Rusana binti Strahil bin Dobri, wa ukoo wa wachunga kondoo wa milima ya Rodopi, Rusana Mabega-ya-Fahali, Mama wa Chachu, ambaye maksai walipokufa kwa kiu njiani alitia shingo yake katika nira, akalivuta gari la watu siku tisa, huku wanaume wakimpa ushauri.

Kabla ya hapo, katika meli iliyowaleta kutoka Bulgaria, nahodha aliamuru vyakula vyote vya kwao vitupwe kwa hofu ya maradhi. Zahari, mkuu wa msafara, shujaa wa kuitikia ndiyo, akawa wa kwanza kurusha baharini chungu cha mtindi wa mamaye, na wengine wakafuata mmoja mmoja. Rusana hakubishana. Alilichovya shati lake la harusi, lenye tarizi nyekundu, katika mtindi wake wa mwisho, akalikausha juani, akalivaa. Likanuka, nao wakamkimbia wakiziba pua.

Walipofika huku, hamu ya mtindi wa kwao ikawatesa. Rusana akakata kipande cha pindo la shati lililonywa chachu ya mtindi, akakitia katika maziwa ya kondoo yenye joto ambalo kidole chaweza kulivumilia, akayafunika blanketi, na asubuhi yakawa yameganda. Wale wale waliomkimbia wakaja kwa mlango wa nyuma na mabakuli. Akawagawia wote, kwa sharti kwamba kila nyumba iilishe chachu yake maziwa mapya kila siku, na mwenye kuilisha awaimbie watoto wimbo wa kwao.

"Chachu si mali ya kufungia sandukuni," alitamka. "Isipolishwa hufa. Nanyi mtakufa nayo, ila mtaendelea kutembea."

Wakaapa. Viapo vyao, jamani! Zahari akajiita kwa Kihispania Don Sakarias, akawakataza watoto lugha ya mama zao wasije wakachekwa na majirani. Kila nyumba ikazembea ikisema, yangu ikifa nitaomba kwa jirani, na jirani akisema vivyo hivyo. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Wakazoea mtindi wa dukani, wenye sukari, hata ikabaki chachu hai katika bakuli la Rusana peke yake.

Akiwa na miaka themanini, homa ikamwangusha siku kumi. Hakuna aliyekuja kumlishia bakuli, nalo likafa. Rusana hakuogopa, kwani shati lilikuwa bado msumarini. Hakujua kwamba Zahari, aliyeingiwa uzeeni na uchungu wa kwao, alikuwa amejenga Nyumba ya Kumbukumbu, na watu wake walikuwa wameshalichukua naye yu katika homa.

Siku ya ufunguzi, Machi mosi, akaja akijikongoja, na sufuria ya maziwa ya uvuguvugu na mkasi. Shati lilikuwa nyuma ya kioo, jeupe. Zahari ndiyo kwanza amalize kuwahubiria watu kwamba mwacha mila ni mtumwa.

"Fungua kioo, Zahari. Nataka kukata pindo."

"Utaliharibu, Bibi Rusana! Tazama lilivyong'aa. Wake zetu wamelifua mara tatu kwa sabuni na maji ya moto, wakalipiga pasi. Lilikuwa linanuka mno."

Watu wakapiga makofi. Rusana akavunja kioo kwa kiwiko, akainua pindo puani, akanusa sabuni. Mwanamke ambaye nira haikumliza akalia mbele yao.

"Kilichokuwa hai mmekifua," alisema, "mkatundika ngozi yake."

Akamwaga maziwa kizingitini, akashika njia ya mashariki kuelekea baharini, ili akailete chachu nyingine kutoka Rodopi. Hakuna aliyemfuata, kwa kuwa keki ya sherehe ilikuwa haijakatwa. Hakuonekana tena.

Ndiyo sababu kila Machi mosi tunaweka bakuli la maziwa ya uvuguvugu mlangoni, ili akirudi ayakute tayari. Sisi wajukuu wa Zahari tunavaa mashati yaliyopigwa chapa ya tarizi na kusubiri kwa heshima. Kufikia jioni maziwa yamevunda, tunayamwaga, tunakwenda dukani.