Maji Yamefika Kwenye Nyusi

Wakantoni, watu wa kusini mwa China, wakimwona mtu yuko hatarini husema: maji yamemfika kwenye nyusi. Mmeniuliza kwa nini nyusi, na shingo ipo. Haya, sikilizeni. Methali hii ilianza hivi, au ndivyo nilivyosimuliwa.

Palikuwa na kijiji cha wafuga samaki kando ya mto. Mara moja kwa mwaka, maji ya mto yakipwa, walikausha bwawa, wakajipanga mstari na kupokezana vikapu vya tope. Maji yalipojaa tena yaliingia kupitia lango la bwawa. Sheria ilikuwa moja: hakuna kutoka mpaka maji yamfike msimamizi kifuani. Anayetoka mapema hapati fungu la samaki. Sheria hiyo aliitunga msimamizi wa zamani, mfupi kama kinu. Alipozeeka wakamchagua Kamto, mrefu kama mlingoti, wala hakuna aliyefikiria kuibadilisha.

Mkewe Kamto, Sukhan, alikuwa mfupi kuliko wote. Siku hiyo alipangwa langoni, penye kina. Nyumbani aliacha watoto wanne waliokuwa wakiwaota hao samaki tangu mvua za kwanza.

Maji yakaanza kuingia.

"Baba Hoi, yamenifika kifuani," akamwambia mumewe.

"Kwangu yako mapajani. Leta kikapu."

Akaleta. Miguu yake ilizama topeni, akainyanyua kwa shida.

"Baba Hoi, shingoni sasa."

"Kwangu hata kitovu hakijalowa. Wewe nawe kwa kulalamika."

Mstari mzima ukacheka.

"Chekeni," Sukhan akasema, kidevu juu. "Leo mtapikiwa tope."

Akataka kusogea. Tope likamng'ang'ania. Akataka kusema tena, akameza maji. Akasimama kwa vidole vya miguu. Kwa mbali akasikia sauti ya jirani: "Kamto, mkeo amenyamaza."

"Tumshukuru Mungu," akajibu Kamto, akageuka kupokea kikapu. Hakuona kikapu. Aliona nyusi mbili juu ya maji, zimekunjamana kwa hasira.

Alifika kwa hatua tatu, akamng'oa kama muhogo, akambeba mabegani. Sukhan akakohoa, akatema, akavuta pumzi.

"Mbona hukuniita?" Kamto akauliza.

"Ningekuita kwa nini? Kwa nyusi?"

Kisha, akiwa huko huko juu, akawaamuru wote watoke. Wakatoka, na kila mmoja akapata fungu lake. Tangu mwaka uliofuata, maji yalipimwa kwa kifua cha Sukhan.

Basi mmeelewa. Maji yakiwa shingoni, mtu bado anapiga kelele. Akinyamaza, usifurahi, geuka umtazame. Huenda maji yamemfika kwenye nyusi.