Maziko ya Mguu wa Ndovu

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walivaa viatu na kusengenyana kisimani, alikuwepo Pimbi mmoja mjane, mwenye watoto wengi na subira kidogo. Kwa umbo alikuwa mdogo, anaenea kapuni. Kwa maneno, ninyi nyote mlioketi hapa mkijumlishwa hamumwezi.

Jirani yake alikuwa Ndovu, na huyo ndiye aliyekuwa mchimba kisima wa nchi nzima. Kila kiangazi mto ukikauka, Ndovu hushuka, hupiga mchanga kwa mguu wa mbele, puu, puu, puu, mpaka maji yachomoze chini, na kila mwenye mdomo akanywa. Nyati alijaribu kazi hiyo mwaka mmoja, akaambulia vumbi.

Basi kiangazi kimoja mto ulikauka, na Ndovu hakushuka. Alikaa barazani na viatu vyake miguuni, akisema mara amefunga, mara mgongo unamsumbua, mara kuchimba si kazi ya mtu wa hadhi yake. Twiga alitumwa kumbembeleza, akafukuzwa. Nyati alitumwa, akarudi na nundu. Na huku Ndovu ana mitungi ya maji imejaa uani kwake, ameifunika, hampi mtu hata tone.

Watoto wa Pimbi walianza kulamba mawe alfajiri wakitafuta umande. Yule kitinda mimba hakuwa na nguvu hata za kulia. Alilala tu, midomo imekauka, na Pimbi alipomwona vile aliogopa sana. Akaapa kwamba Ndovu atachimba, apende asipende.

Kwanza akaenda kuchungulia. Akajibanza nyuma ya mtungi mmoja, akamwona Ndovu anavua kiatu cha kulia. Viatu vile alitunukiwa na wazee wa baraza: vyeusi, vinang'aa, vimechongoka mbele. Vilimbana mno, lakini angevivuaje, na ndivyo vilivyomfanya aitwe bwana mkubwa? Kidole kikubwa kilikuwa kimevimba, chekundu. Kucha ilikuwa imeota kwa upande, ikazama ndani ya nyama. Ndovu akatoa kisu, akaikata pembe ya ile kucha, akaichokoa ndani kabisa huku machozi yanamtiririka, kisha akarudisha kiatu.

Pimbi akaelewa yote. Kucha za mapimbi na za ndovu zinafanana, na maradhi yale kwao yalikuwa ya ukoo. Alijua kwamba ukikata pembe leo utapata nafuu kidogo, halafu kucha itarudi na kuchoma zaidi. Dawa yake aliijua pia. Taabu ni kwamba Ndovu haguswi mguu. Ukimwambia anaumwa atakana, ukimshika atakukanyaga.

Lakini Pimbi na Ndovu walikuwa watani, ukoo kwa ukoo, tangu mababu. Na mtani hakasirikiwi, hilo mnalijua. Akikuvua kofia mbele za watu unacheka. Na msiba ukitokea nyumbani kwako, mtani ndiye mwenye amri.

Asubuhi iliyofuata Ndovu akasikia vilio mlangoni. Kutoka nje, anamkuta Pimbi amejifunga kanga kiunoni, amejipaka majivu, anagaagaa chini. Nyuma yake ukoo mzima wa mapimbi, wamebeba chumvi na pamba, na majirani wamekuja kutazama. Twiga alikuwa ameshapitisha shingo juu ya ua.

"Nani amekufa?" Ndovu akauliza.

"Mguu wako wa kulia, mtani wangu. Ule uliotuchimbia maji miaka yote. Unafiwa na mguu halafu hututumii habari?"

"Mguu wangu mzima huu!"

"Kama mzima, twende mtoni ukachimbe."

Ndovu akapiga hesabu. Kuchimba hawezi. Kusema kidole kinamuuma, mbele ya Twiga na Nyati, aibu. Kukasirika nako, mtani hakasirikiwi. Akatazama chini, akasema kwa sauti ndogo, "Haya. Umekufa."

"Pole sana. Basi maiti huoshwa," Pimbi akasema, "na maiti havai kiatu, hapigi teke, wala hapigi kelele."

Kiatu kikavuliwa. Pimbi akaagiza mitungi ifunuliwe, kwa sababu mfiwa ndiye anayetoa maji ya kuoshea, tena ndiye anayewanywesha waombolezaji. Ndovu akatikisa kichwa, lakini mila ni mila. Wa kwanza kunywa alikuwa yule kitinda mimba. Alipofumbua macho na kuomba tena, Pimbi alilia kweli, na watu wakadhani anauomboleza mguu.

Maji mengine yakatiwa jikoni mpaka yakawa vuguvugu, yakakolezwa chumvi, na mguu ukalowekwa humo mpaka kucha ikalainika. Ndovu akauma mkonga wake. Alipoguna, Pimbi alimuuliza tangu lini maiti akaguna, na watu wakacheka. Kisha akasokota kijipamba chembamba, maana maiti hutiwa pamba, akakipenyeza polepole chini ya ukingo wa kucha, ikainuka ikaiacha nyama.

"Mnazika lini?" Ndovu akauliza, jasho linamtoka.

"Matanga kwanza. Asubuhi na jioni tutakuja kuosha na kubadilisha pamba. Kisu chako nakichukua. Na viatu vya marehemu tunarithi sisi watani."

Ikawa hivyo. Kila siku walikuja wakalia, wakaosha, wakanywa. Uvimbe ukanywea. Kucha ikaota, ikapita juu ya nyama. Siku mitungi ilipokaribia kwisha, Ndovu aliamka akakanyaga chini kwa nguvu. Hakusikia maumivu yoyote. Akashuka mtoni peku, puu, puu, puu, na maji yakachomoza.

Akiwa amelowa mpaka masikioni, akamgeukia Pimbi. "Mtani, ulinizika au ulinitibu?"

"Mguu ulikuwa unakufa kweli," Pimbi akajibu. "Ungeuficha kidogo tu zaidi, usaha ungepanda, na hapo hata mimi nisingeuweza. Ningekupeleka kwa mganga Korongo. Kuanzia leo kucha unaikata wima, imenyooka, pembe zake huzigusi. Na viatu uvae vipana."

Ndovu akakubali yote. Kisha akakohoa, akaomba walau kile kiatu cha kulia arudishiwe, cha kuvaa barazani tu.

Pimbi akamwonyesha pale jabalini kwake. Kiatu kile cheusi kilikuwa kimelazwa kivulini, kinang'aa, na ndani yake kitinda mimba amelala fofofo, tumbo limejaa maji. Ndovu akatazama, akacheka mpaka mkonga ukatoa mlio, akarudi kuchimba.

Basi, wanangu, maumivu unayoyaficha ili kulinda heshima yako yatakula mguu, kisha yatakula na hiyo heshima.