Kiti Kimoja cha Mgeni wa Ndeshi

Sogeeni karibu, maana kesi hii imenishinda. Pale Moshi alikuwapo binti aitwaye Ndeshi, fundi wa miguu ya bandia. Alikuwa na watu watatu, kila mmoja na lake alilojaliwa: binamu yake Kundaeli kufupisha maneno, shangazi yake Anansia kuuliza maswali, na Mangowi, muuza nyama, kutoona haya.

Ndeshi alitamani mno kwenda kujifunza zaidi kazi hiyo katika karakana moja ya Uholanzi. Akaandika wasifu wa kurasa nne kama tunavyoandika huku: kabila, dhehebu, jina la baba, hata matokeo ya darasa la saba. Kundaeli, aliyewahi kusoma Ulaya, akashika kichwa.

“Ndeshi, hawa hawaji kukuposa! Wanataka kujua mikono yako inafanya nini.”

Akakata, akakata, ukabaki ukurasa mmoja mtamu kusoma. Karakana ikamwita kwenye usaili wa mtandaoni.

Shangazi akamkalisha jikoni. “Ule mguu wa bandia wa Mangowi nani aliutengeneza?”

“Tuliutengeneza, shangazi.”

“Wewe na nani, mwanangu?”

Ndeshi akainama, maana alilelewa kutojisifu. Shangazi hakumwonea huruma. Aliuliza akikoroga mtori wa ndizi, akauliza akianua nguo, mpaka binti akasema bila kutetemeka, “Niliutengeneza mimi.” Siku ya usaili akajibu hivyo hivyo, tena kwa raha. Heko kwake!

Bado walitaka mdhamini wa kuishuhudia kazi yake. Wengi wetu tungemtaja mchungaji au diwani, ambaye huo mguu hajawahi hata kuuona. Ndeshi alimtaja Mangowi anayeuvaa. Mangowi akafunga bucha, akapandisha suruali mbele ya kamera, akapanda ngazi na paja la ng'ombe begani. Wazungu wakapiga makofi wamesimama. Ndeshi akachukuliwa.

Sasa mafunzo yanakwisha, na karakana itamlipia nauli mgeni mmoja tu, yule aliyemwezesha kufika, aje aone akikabidhiwa cheti. Kundaeli ameshaomba ruhusa kazini. Shangazi ameshashona kitenge kipya na kuwaaga wanakwaya wenzake. Mangowi hajaomba kitu. Ameuliza tu kama baridi ya huko inaumiza kigutu.

Jina linatakiwa kesho. Ndeshi ameshika simu, machozi yanamtoka, maana anawapenda wote na anajua wawili atawaumiza.

Haya, mliokaa kimya, semeni: simu ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani?