Fisi na Uwanja wa Kukimbilia

Mpo?
Tupo.
Mmekaa wapi?
Chini, juu ya ardhi.
Imetulia?
Imetulia.
Basi sikilizeni, na asiyetaka aondoke sasa hivi.

“Laki nne,” alisema Fisi. “Laki nne taslimu nimempa mwenyekiti. Uwanja ni wangu.”

“Mwenyekiti ameuza mali ya nani?” aliuliza Bi Sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu, aliyepanga chumba kwa Fisi huyo huyo.

Fisi akamwambia kama hapendi, ahame. Matofali yalikwisha kupangwa uwanja mzima, ili ajenge ghorofa nyingine.

Uwanja ule mimi naujua. Zamani mji wetu ulikuwa nyumba za fito na udongo, zimefungwa kwa kamba za mgomba. Ardhi ikitetemeka, nyumba zilicheza kidogo, zikatulia, nasi sote tulikimbilia pale uwanjani. Huyu alileta sufuria, yule viazi. Tukala, tukaimba, watoto wakakataa kurudi ndani. Hata hofu ilikuwa na utamu wake. Kisha mji ukavimba, Fisi akapandisha nyumba ya ghorofa tano: saruji kiganja, mchanga debe. Palipotakiwa nondo nne, akaweka moja.

Bi Sange akamwuliza: ardhi ikitetemeka, watu wakimbilie wapi? Fisi akajibu kwamba nyumba yake haitikisiki hata tembo akiiegemea.

Bi Sange akapanda ngazi. Ghorofa ya kwanza akabisha, akanong'ona. Ya pili akabisha, akanong'ona. Ya tatu, ya nne, ya tano, akabisha, akanong'ona. Kila chumba kilikuwa na kinu cha zamani kilichogeuzwa kigoda. Wapangaji wakavisimamisha, wakaitafuta michi.

Mchana, Fisi akiguguna mfupa chumba cha chini, wakatwanga kwa pamoja. Tu! Tu! Tu! Nyumba ikatikisika kweli, vumbi la dari likamwagika kichwani pake, puu!

Fisi huyoo, mbio hadi uwanjani. Kufika, matofali yamemzidi kimo, pande zote.

“Bi Sange, dada yangu, nisimame wapi?” akamlilia Bi Sange, aliyekwisha kushuka na kusimama mbele ya nyumba.

“Hapo hapo kwenye laki nne zako. Kama pamejaa, pafanye pawe wazi.”

Fisi akabeba matofali, akayatupa kando ya barabara. Akipumzika, Bi Sange anainua mkia, wapangaji wanatwanga: tu, tu, tu. Fisi anabeba. Akipumzika tena, mkia juu: tu, tu, tu. Fisi anabeba. Jua lilipoanza kushuka, uwanja ukawa wazi. Wapangaji wakashuka na unga wao, moto ukawashwa, ugali ukasongwa pale pale, kama zamani.

Funzo lake ni hili, wenzangu: nyumba ikitetemeka, msitoke. Ni jirani anatwanga.

Mdomo wangu naufunga hapa. Aliyesikia akawasimulie wa kwao. Aliyesinzia, shauri yake.

Ila matofali kumi na mawili bado yako kwenye kona ya uwanja. Bwana Fisi, yaondoe.