Pipa Wazi Hulowa Bila Mvua

Pipa wazi hulowa bila mvua. Mmemsikia bibi yenu akinitupia maneno hayo sasa hivi, mkaangua kicheko, na sasa mnataka kujua kayatoa wapi. Haya, kaeni. Methali hii ilianza hivi, na ilianzia kiwandani, si porini kwa sungura na fisi.

Kisarawe palikuwa na karakana iliyotengeneza zeolaiti, punje nyeupe kama mtama, za udongo wa kaolini. Zina vitundu visivyoonekana kwa macho. Ukipitisha hewa humo, zinakamata naitrojeni, oksijeni inapita kwenda kwa mgonjwa. Lakini ulafi wao ni maji! Zikishakunywa maji, hazikamati tena kitu. Kwa hiyo zikitoka tanuuni hufungiwa kwenye mapipa, vifuniko vikabanwa.

Hospitali ya wilaya iliagiza mapipa sita. Mtambo wake wa oksijeni ulikuwa umesimama, na mitungi ya kuazima ilibaki ya siku nne tu.

Meneja wa karakana alikuwa kijana mwenye shahada na majivuno tele. Siku ya kukabidhi akaalika wageni, akafunga maturubai, na ili punje zipendeze machoni akafungua mapipa matatu tangu asubuhi. Hotuba juu ya hotuba mpaka saa nane. Ilikuwa masika, ingawa siku hiyo halikudondoka hata tone.

Lori lilipokaribia kupakiwa, msimamizi wa tanuu, msichana aitwaye Sikudhani, akasimama mbele ya meneja.

"Haya matatu hayaendi."

"Dada, usinitie aibu mbele ya watu," meneja akanong'ona. "Mvua haijanyesha. Zimelowa na nini?"

"Na unyevu wa hewa hii hii unayoipigia hotuba."

Akamgeukia mgeni rasmi, mzee wa watu. "Mheshimiwa, naomba kiganja chako." Akakilowesha, akamwekea konzi ya punje kutoka pipa lililofungwa.

"Lahaula!" Mzee akazitupa, anapuliza mkono. "Zinaunguza!"

"Hizo zina kiu, zikinywa maji hutoa joto. Sasa shika hizi, za pipa lililo wazi."

Mzee akashika. Akasubiri. Wote tukasubiri. Hata uvuguvugu haukuja.

"Hizo zimeshakunywa," Sikudhani akasema. "Zikienda hospitali, mgonjwa atavuta hewa ile ile iliyomshinda. Bosi, pipa wazi hulowa bila mvua."

 Mgeni rasmi aliinuka akafunga vifuniko kwa mikono yake mwenyewe. Punje zikarudi tanuuni siku mbili, na lori lilifika hospitali mitungi ikiwa imebaki miwili. Mtambo ukawashwa, wagonjwa wakapumua.

Mnauliza meneja yule alifukuzwa? Hakufukuzwa. Aliona haya wiki nzima, kisha akapeleka posa kwa kina Sikudhani. Ndiyo, ni mimi, chekeni tu! Na leo nimekwenda kutangaza barazani shamba ninalotaka kununua, kabla sijaandikishana na mwenyewe. Jirani kaniwahi. Bibi yenu hakugomba, alisema maneno matano tu.

Pipa wazi hulowa bila mvua.