Bi Pimbi na Foleni ya Wakubwa

Mpo?
— Tupo!
Mmekaa?
— Tumekaa!
Wa kwanza nani?
— Sote wa kwanza!
Basi sogeeni. Ngano haina foleni.

Siku hizo wanyama walikuwa wameshapata simu. Mnara ulikuwa juu ya kilima, bando ziliuzwa kwenye kichuguu, na kila mnyama, mwenye kwato na mwenye kucha, alicheza mchezo mmoja. Mchezo uliitwa Kijiji. Ukiingia Kijijini unapewa kiwanja, unajenga nyumba, unapanda mtama, unatembelea majirani. Hakuna anayeliwa. Swala alikuwa jirani wa Chui, na jioni waliazimana chumvi.

Mchezo huo ulikaa ndani ya seva. Seva ni mashine inayobeba mchezo wa wote, kama sufuria moja inavyopika ubwabwa wa shughuli nzima. Seva ikifanya kazi hupata joto, na ikipata joto hutaka maji. Kiangazi kile maji yalikuwa ya mmoja tu, Mzee Kiboko. Kwa hiyo seva iliwekwa kwenye kibanda kando ya bwawa lake, ikinguruma nguruuu kutwa nzima, na Mzee Kiboko akawa mwenye mchezo.

Kiingilio kilikuwa mzigo wa majani mabichi. Seva ilitengenezwa kwa wanyama wa bonde moja. Mzee Kiboko alipokea majani ya mabonde yote.

Fundi wa seva alikuwa Kima. Akamwendea Mzee Kiboko.

"Mzee, sufuria imejaa."

"Imejaa majani?"

"Imejaa wachezaji."

"Hilo si langu. Weka foleni."

Kima akaweka foleni. Tangu siku hiyo, ukifungua mchezo unaona duara linazunguka, zungu, zungu, zungu, na chini yake maandishi: *Karibu. Uko kwenye foleni. Subiri.* Na ulitakiwa kusubiri ukigusagusa kioo, kuonyesha kwamba upo. Usipogusa, pyuu! Umerudishwa nyuma.

Twiga akasubiri, akasubiri, akainama kunywa maji. Pyuu!

Nyumbu akasubiri, akasubiri, akapiga chafya. Pyuu!

Kobe akasubiri, akasubiri, hakunywa, hakupiga chafya. Akafika mlangoni. Akaingiza mguu mmoja. Seva ikaelemewa, ikawatoa wote, waliokuwa ndani na waliokuwa mlangoni. Pyuu, pyuu, pyuu! Kobe akarudisha kichwa ndani ya gamba, na hakusema na mtu mpaka gulio lililofuata.

Walipokwenda kulalamika, Kima aliwajibu wote kwa maneno yaleyale: "Tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza."

Mzee Kiboko mwenyewe hakupanga foleni. Aliingia mchezo ulipofunguliwa na hakutoka tena. Hata seva ilipowatoa wote, yeye ilimbakisha, kwa sababu waya wa simu yake ulipita dirisha la kibanda moja kwa moja hadi kwenye seva. Alipokuwa majini, simu yake ilikaa juu ya jiwe kavu, na Yangeyange, ndege wake wa mgongoni, aliigonga kwa mdomo, ko, ko, ko, ili ionekane mzee yupo.

Kisha Mzee Kiboko akatunga sheria. Kila siku ya gulio, kila mwenye nyumba aingie Kijijini na aguse mlango wake kabla jua halijazama. Asiyegusa, nyumba ni ya atakayeigusa wa kwanza.

"Sheria ni ya wote," alisema.

Karibu wote walikuwa nje, kwenye foleni. Yeye alikuwa ndani. Siku ya gulio jua lilipozama, alipita nyumba kwa nyumba. Hii yangu. Na hii yangu. Na ile pale yangu. Akachukua nyumba ya Twiga, akachukua ya Nyumbu, akachukua ya Kobe, na zote akaziunganisha na jumba lake. Jumba lake mwenyewe alikuwa ameligusa dakika ya mwisho, jua likiwa ukingoni, maana hakuwa na foleni ya kumharakisha.

Wanyama wakaanza kuja kumwomba. Wengine walikuja na watoto. Akamwita Kima.

"Ifunge hiyo sheria kwa kufuli. Isifunguliwe kwa machozi ya mtu yeyote. Hata nikija mimi mwenyewe nikilia, usifungue."

"Hata wewe, mzee?"

"Hata mimi. Moyo wangu naujua, una huruma sana."

Kima akaifunga.

Sasa, miongoni mwa waliobakiwa na nyumba alikuwa Bi Pimbi. Mnamjua pimbi. Mwili wa kushikika kwa mkono mmoja, mkia hana, na kutwa yuko juu ya jiwe anaota jua. Mama yake aliishi mlima wa pili, ng'ambo ya uwanda. Uwanda ule ulikuwa na Tai juu yake, na pimbi anayeuvuka havuki mara mbili. Kwa hiyo mama na mwana walikutana Kijijini tu, kwenye nyumba waliyoijenga wote wawili, yenye jiko la mafiga na kibaraza cha kukalia. Kila jioni bibi aliketi kibarazani, wajukuu wakamzunguka.

Utaniuliza, si wangepigiana simu tu? Bibi alikuwa haisikii simu vizuri. Kijijini aliwaona wajukuu wakitembea, na hilo lilimtosha.

Asiye na nyumba hutupwa na seva kitongoji chochote. Nyumba ile ikichukuliwa, wawili hao wasingejua pa kutafutana.

Foleni ilikuwa imewazuia tangu gulio lililopita. Bibi alifungua mchezo, akasubiri, akasinzia, pyuu! Akaanza upya, akasinzia tena. Akamtuma Kunguru na ujumbe: "Mwanangu, huu mchezo uliniambia nisubiri. Nimesubiri. Sasa unaniambia nisubiri tena. Mimi umri wenyewe umebaki wa kusubiri jambo moja."

Bi Pimbi aliusikiliza ujumbe, akatazama jua, akashuka bwawani. Gulio lilikuwa kesho kutwa.

"Hodi bwawani! Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sema upesi, nina kazi."

Ko, ko, ko, Yangeyange aligonga.

"Nimekuja kukupigia magoti, mzee wangu. Nimesikia unataka kuweka foleni ya pili. Foleni ya Wakubwa. Mizigo mitatu ya majani, mtu anapita mbele. Nakuomba usiiweke. Sisi wadogo tutabaki peke yetu kwenye ile ya kawaida."

Mzee Kiboko hakuwa na habari ya foleni ya pili. Masikio yake mawili yakazunguka, firi, firi.

"Mizigo mitatu, umesema?"

"Ndivyo wanavyosema huko gulioni."

"Na nani atalipa mitatu penye mmoja?"

"Nani atakubali kuitwa mdogo, mzee?"

Kiboko akafungua kinywa chote. "Hoo, hoo, hoo! Nenda zako, kijipimbi we. Foleni ya Wakubwa inaanza kesho."

Bi Pimbi akaangua kilio. Alilia akipita kwenye matete, alilia akipanda ukingo, alilia mpaka kona ya mwisho. Baada ya kona hakulia. Alimtafuta Kunguru, akampa ujumbe wa kurudi nao: "Mama, usinunue kitu. Siku ya gulio, mchana, ingia mlango wa kawaida."

Kesho yake Kima akafungua Foleni ya Wakubwa. Alimuuliza mzee foleni mbili zitapokezana vipi. Mzee akamjibu, "Mizigo mingapi imeingia?" Kwa hiyo Kima akaamua mwenyewe: mmoja wa huku, mmoja wa kule, kwa zamu.

Tembo alinunua. Nyati alinunua. Chui, asiyejua hata ladha ya majani, alionekana na panga ukingoni mwa mto, akikata. Nguruwe alinunua ili Ngiri amwone. Ngiri alinunua kwa sababu Nguruwe alinunua. Panya alinunua, akasema kwao yeye ndiye mkubwa. Sisimizi walichanga ukoo mzima wakanunua kama mmoja. Kobe peke yake alisema atafikiri.

Mchana wa gulio, Foleni ya Wakubwa ilizunguka bonde. Kila mmoja alishika simu, zungu, zungu, zungu, na kila mmoja alisoma maandishi mapya: *Mheshimiwa, uko kwenye foleni. Subiri.*

"Angalau wametuita waheshimiwa," alisema Ngiri.

Kwenye foleni ya kawaida hapakuwa na mtu. Bi Pimbi akagusa mlango. Tii! Akaingia. Kidogo, tii! Mama yake naye akaingia, hata hajapata nafasi ya kusinzia. Wakagusa mlango wa nyumba yao. Bibi akaketi kibarazani.

"Leo tumepona," akasema. "Na gulio lijalo?"

"Subiri hapo mama," alisema Bi Pimbi. "Au hapana, usisubiri. Nenda taratibu kwenye jumba la Kiboko, usimame mlangoni."

Yeye akachukua simu yake, akateremka bwawani, akaketi juu ya jiwe.

Seva ilikuwa inanguruma kwa taabu, nguru, nguru, ngu. Wakubwa wote walikuwa wanagusagusa vioo kwa pamoja. Mzee Kiboko alikuwa ametoka majini, simu mkononi, anabonyeza kwa nguvu.

"Umeganda! Kijipimbi, wako umeganda?"

"Wangu unatembea, mzee."

"Mbona wangu hautembei? Jua hilo linashuka, nina nyumba za kugusa!"

"Umezima ukawasha?"

Maneno hayo kila mnyama aliyekaa foleni aliyajua, na kila mnyama aliyekaa foleni aliyaogopa. Mzee Kiboko hakuwahi kukaa foleni.

"Kuzima na kuwasha kunasaidia?"

"Simu ya mtoto wangu ilipona hivyohivyo."

"Mzee," alisema Yangeyange, "ukizima uta—"

"Nyamaza! Wewe kazi yako kugonga."

Akazima. Pyuu! Akawasha. Zungu, zungu, zungu.

*Mheshimiwa, uko kwenye foleni. Subiri.*

"Hoo?" alisema Mzee Kiboko.

Akayasoma tena. Akatazama jua. Lilikuwa limefika mabegani mwa kilima, na jumba lake lilikuwa bado halijaguswa.

"Kima! Kimaa! Niingize!"

Kima akatoa kichwa kwenye dirisha la kibanda. "Tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza."

"Ni mimi!"

"Nakuona, mzee."

"Fungua sheria! Ongeza muda!"

"Ulisema hata ukija ukilia."

"Silii!"

"Bado, mzee."

"Basi nipeleke foleni ya mbele!"

"Uko foleni ya mbele. Seva imekuweka kwa heshima. Ndiyo ile inayozunguka bonde."

Kiboko akageuka kuitazama. Tembo alikuwa pale, Nyati alikuwa pale, Chui alikuwa pale na panga lake. Wote walikuwa wameacha kutazama simu.

"Ile ya kawaida je?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ile iko wazi," alisema Kima. "Utapita sasa hivi. Lakini ni ya wadogo. Ni lazima utamke kwamba wewe ni mdogo, nami nisikie."

Mzee Kiboko akafungua kinywa. Akamtazama Tembo. Akafunga kinywa. Jua likagusa kilima. Akafungua kinywa. Akamtazama Nyati. Akafunga. Jua likabaki kipande. Jua likabaki uzi.

"Mimi ni mdo—"

Likazama.

"Mama," Bi Pimbi aliiambia simu yake, kwa sauti kubwa ili mama asikie, "gusa."

Tii!

Jumba la Mzee Kiboko, pamoja na nyumba zote zilizounganishwa nalo, likawa la ajuza mmoja wa mlima wa pili, asiye na mkia. Nyumba za wenyewe alizirudisha siku ileile, ya Twiga kwa Twiga, ya Nyumbu kwa Nyumbu. Jumba hakulirudisha. Alisema kibaraza chake ni kipana na wajukuu ni wengi.

Mzee Kiboko alibaki kwenye foleni. Yangeyange alimgongea, ko, ko, ko, lakini Yangeyange naye hula. Alipokwenda kula, pyuu! Alipokwenda kulala, pyuu! Baada ya hapo Mzee Kiboko alimwita Kima na kumuuliza seva ya pili inataka maji kiasi gani.

"Nusu ya bwawa, mzee."

"Peleka."

Seva ya pili ikawashwa, nguruuu, na foleni zote mbili zikaisha. Ndiyo maana hadi leo ukipita bwawani unamwona Kiboko amezama nusu, mgongo uko nje. Si kwamba anapenda. Maji yaliyobaki ndiyo hayo.

Na funzo lake, wanangu, ni hili. Foleni ni heshima. Mtu asubiri zamu yake bila manung'uniko, asilie machozi ya uongo mbele ya mzee, na asiguse kabisa mlango usio wake. Mwenye subira hula mbivu. Msiponiamini, kamuulizeni Kobe. Bado anafikiri anunue foleni ipi.

Wa mwisho nani?
— Kiboko!
Basi mlango uko wazi. Mwenye ngano yake aingie.