Siku Maiti Alipocheza Kwesimu

"Maiti akicheza, waliaji huenda zao." Methali hii tukufu, wadogo zangu, imetoka enzi za machifu, ikapita vinywani mwa wazee wenye hekima, hadi ikanifikia mimi, mlinzi wake wa mwisho katika bweni hili. Haya, nimewadanganya. Ilianza likizo ya Juni mwaka juzi, kwetu Kwesimu, na ilianza hivi.

Mnaiulizia kwa sababu asubuhi hii mwalimu wa zamu amemwambia Kaniki maneno hayo, alipokwenda kuomba ruhusa ya tumbo huku anatafuna andazi. Keti, Kaniki. Tumbo lipoe.

Kwesimu yuko mwalimu wa shule ya msingi aitwaye Bi Mwantumu. Kaka yake, Hizza, alifukiwa na kifusi kwenye machimbo ya mawe, alipokuwa amerudi kumtoa mwenzake. Bi Mwantumu alitunga tamthilia juu ya habari hiyo, na kila mwaka baada ya mavuno vijana waliiigiza uwanjani. Haikuwa na wimbo hata mmoja. Mwishoni Hizza hulazwa kwenye jeneza, mama yake humfunika shuka, basi. Watu waliipokea kama matanga yenyewe. Wanawake walikuja wamejifunga kanga kiunoni, wakakaa mikekani, na kama ilivyo desturi kwetu, haondoki mtu kabla mkubwa wa wafiwa hajainuka.

Mkubwa wa wafiwa alipaswa kuwa Mzee Shekiondo, baba wa marehemu. Lakini yeye hakuwahi kuja. Tangu siku ya kifusi hakumlilia mwanawe mbele ya mtu, na siku ya tamthilia alishika jembe akaenda shamba. Bi Mwantumu alitaka kitu kimoja tu: baba yake aje, akae na wenzake, alie, moyo upumzike.

Ndipo akaja Bwana Dastani, mwongozaji wa filamu kutoka mjini, mtu wa kuvaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Aliomba kuigeuza tamthilia ile kuwa filamu. Bi Mwantumu alikubali, kwa kuwa mzee alisema filamu ataitazama. Ukumbini ni giza, alisema, na gizani hakuna atakayeuona uso wake.

Siku ya kuonyeshwa, Kwesimu nzima iliingia ukumbini kwa mavazi ya msiba. Mzee Shekiondo alikaa mbele, leso imekunjwa mkononi. Filamu ikaanza, na wachimba mawe wakatokea wamevaa mashati ya kumetameta, wanaimba mapenzi huku nyundo zikipiga mdundo. Kifusi chenyewe kiliporomoka kwa kufuata ngoma. Watu walivumilia. Wanawake walinong'onezana kwamba kilio labda kiko mbele.

Kweli, kikafika. Hizza akalazwa kwenye jeneza, uso umepakwa unga. Mama akamfunika shuka. Kwikwi za kilio zikaanza ukumbini, na Mzee Shekiondo akaikunjua leso yake.

Hapo vidole vya miguu vikatikisika chini ya shuka. Tarumbeta likalia. Maiti akaruka kutoka jenezani, akacheza kwa mabega pamoja na waliombeba, kisha akatugeuzia uso akacheka.

Mzee akaikunja leso yake taratibu, akachukua fimbo, akainuka. Na kwa kuwa mkubwa wa wafiwa ameinuka, ukumbi wote ukainuka. Bwana Dastani aliwawahi mlangoni.

"Mzee wangu, mbona mapema? Sehemu tamu ndiyo inakuja."

"Kijana, sisi tulikuja kulia," mzee akamjibu. "Maiti akicheza, waliaji huenda zao."

Hiyo ndiyo asili ya methali, wadogo zangu. Sasa tabasamuni kama mimi, mkalale.

Mbona unanitazama hivyo, Mbelwa?

"Kaka, mimi nilikuwapo. Nilikaa na shangazi yangu," amesema Mbelwa. "Yule maiti alipocheka, alikuwa na pengo. Pale pale lilipo lako."

Haya. Alikuwa ni mimi. Siku ya kupiga picha za filamu nililazwa jenezani tangu asubuhi, njaa inaniuma, nikatikisa vidole vya miguu ili niwachekeshe wabeba jeneza. Nilitaka kicheko kidogo tu. Badala ya kunikaripia, Bwana Dastani alipiga makofi, akaagiza tarumbeta.

Baada ya mavuno tamthilia ilirudi uwanjani. Bi Mwantumu hakunigombeza. Alinipa nafasi yangu ileile ya Hizza, akaniambia tu kwamba safari hii baba yake hakwenda shamba, maana hataki mwanawe akumbukwe kwa ngoma ile. Nikalala. Shuka liliponifunika nilisikia fimbo ikigonga ardhi, inanijia. Mzee Shekiondo akainama, akavishika vidole vyangu vya miguu kwa kiganja kimoja.

"Leo lala, mwanangu," akasema.

Nikalala. Akalia mchana kweupe, watu wote wanamwona, na hakuinuka mtu mpaka alipoinuka yeye.

Basi, Kaniki, ukienda tena kuomba ruhusa ya tumbo, andazi liache bwenini. Maiti akicheza, waliaji huenda zao.